Ndizi Nilizozipitisha Soko la Ikonge

Mpendwa Mama mzaa chema,

Ungekuwa hai nisingethubutu kukuandikia haya. Kwetu Gusii mke hazungumzi na mama wa mumewe habari za kitanda wala za uzazi. Ndiyo heshima tunayoiita chinsoni, na mimi na wewe tuliishika miaka yote tuliyokaa boma moja kule Ikonge. Sasa mimi ni mzee kuliko ulivyokuwa ulipofariki. Naishi Voi, kwenye vumbi jekundu, mbali na michai, na watu niliowaonea haya karibu wote wamekwisha. Acha niseme.

Unaukumbuka mwaka ule, mwanzoni mwa miaka ya tisini, mjukuu wako Kemunto alipougua surua. Alikuwa amepita miaka miwili. Homa ilipoondoka, iliondoka na hamu yake ya chakula. Ugali aliutema, ndizi aliwatupia kuku. Alichokubali ni titi langu tu. Nilichuma chai naye mgongoni, nawe ukichuma mstari wa pili, na kila alipolia uliniambia bila kunitazama, "Mpe mtoto anachotaka. Majani hayakimbii."

Mwenye ruhusa ya kusema lolote alikuwa Magokoro, mama mkwe wako wewe. Bibi na mke wa mjukuu hutaniana, na yule bibi hakubakisha utani. "Huyu atanyonya mpaka aposwe?" aliniuliza jikoni kwako. "Wakwe wakileta ng'ombe watamkuta titini!" Tulicheka. Kisha akaacha kucheka, akasema, "Na mwanangu, mtamrudisha lini?"

Sote tulijua maana yake. Baba mkwe alikuwa amefariki mwaka Kemunto alipozaliwa, na mvulana wa kulichukua jina lake alikuwa hajapatikana. Wewe uliendelea kumenya ndizi, ukaimenya moja mpaka ikabaki nyembamba kama kidole.

Hedhi yangu ilikuwa imerudi, Mama. Ningeshika mimba, Kemunto angeachishwa siku hiyo hiyo, kwa kuwa watu waliamini maziwa huwa ya aliye tumboni na humdhuru aliye mgongoni. Bila titi, mtoto yule niliona naenda kumzika. Mwanao, mume wangu, naye alikuwa na hofu hiyo hiyo. Aliniambia, "Nenda ukaulize. Ila Mama asijue."

Nikaenda zahanati moja ya Nyakoe, ambako hakuna aliyenijua. Nesi alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya. "Vidonge vya kawaida vya kupanga uzazi vina homoni mbili," alisema, "vinaweza kukupunguzia maziwa. Hivi vingine vina moja, havina shida na maziwa, lakini umeze saa ile ile kila siku. Saa unayo?"

Sikuwa nayo. Tena Kemunto alikuwa hajaona kitu kilichofungwa asikifungue.

"Basi sindano, kila miezi mitatu. Hedhi inaweza kuvurugika, na ukija kuiacha, mimba inaweza kukawia. Mtoto anyonye tu."

Nililifikiria lile jina linalongoja. Nikamfikiria Kemunto, mbavu zake. Nikakunja mkono wa blauzi.

Ili safari iwe na sababu, nilikuwa nimebeba ndizi za kuuza, na kila miezi mitatu nikabeba tena. Nilijiona mjanja sana. Magokoro alinitazama nikijitwika akasema, "Ndizi zetu zimeanza maringo? Soko la Ikonge haliziwezi?" Nikamjibu kwamba Nyakoe kuna bei nzuri. Wewe ulikuwa ukifagia uani. Ulisimamisha ufagio kidogo, kisha ukaendelea.

Baada ya safari ya pili ukaanza kuniletea uji wa wimbi. Kila asubuhi ulikiweka kikombe kizingitini, ukakohoa kunijulisha, ukaondoka kabla sijafungua mlango. Mimi nikadhani unaunenepesha mwili wangu ushike mimba. Nilikunywa kila kikombe kama ninayekuibia. Siku nyingine niliutamani ule uji na kuuchukia papo hapo.

Kemunto alipona polepole. Alianza na viazi, kisha ugali, na alipokuwa amepita miaka mitatu akaliacha titi mwenyewe, bila shubiri wala kilio. Nami nikaacha kwenda Nyakoe. Mwanao akahamishiwa kufundisha shule ya Voi. Tulikuaga kama watu wanaokwenda miaka miwili, tukawa hatukurudi tena kuishi. Asubuhi ya kuondoka kikombe kilikuwa pale kizingitini.

Safari iliyofuata ya kurudi Ikonge ilikuwa ya kukuzika.

Nesi yule alikuja na waumini wa Sabato kutoka Nyakoe. Alinishika mkono, akanivuta pembeni, kwenye migomba. "Wewe si mama wa ndizi? Marehemu ni nani wako?" Nilipomwambia, akasema uliwahi kwenda kwake, ukakaa kwenye benchi na akina mama wachanga, ukamuuliza: "Kuna mama mmoja wa kwetu amedungwa sindano ile. Maziwa yake yatamdhuru mtoto?" Akakujibu hapana, mradi mama mwenyewe ale vizuri.

"Hakutaja jina la mtu," nesi aliniambia. "Nilimuuliza amejuaje. Akacheka, akasema, 'Nani hubeba ndizi kila miezi mitatu akalipita soko la kwao?' Alipoinuka kwenda zake akasema, 'Basi amnyonyeshe. Jina la mzee wangu halichachi.'"

Nilisimama pale kwenye migomba, Mama, nikivihesabu vile vikombe moyoni nikashindwa. Ulikuwa umenijibu kila asubuhi, nami sikuwahi kurudisha kikombe kwa neno zaidi ya "asante".

Liko jingine ambalo limenikaa mpaka uzee huu. Siku ile tulipokuzika nilikuwa na mimba. Ilikuwa changa, nami nilikwisha kuijua kabla hujaugua. Ningeweza kumtumia Magokoro salamu, akakufikishia kwa utani wake, na heshima yetu isiguswe. Nilinyamaza. Nilisema itajionyesha yenyewe tukija likizo ya Desemba.

Alizaliwa mvulana. Ana paji lile pana la mzee wako, na hukohoa kidogo kabla ya kuingia nyumbani kwa mtu. Mwanao ndiye aliyemtamkia jina. Mimi, kwa kuwa ni la baba mkwe na chinsoni hainiruhusu kulitamka, mpaka leo namwita Mzee tu, na yeye huitika.

Kwa hiyo nililokuficha ulilijua. Nililotaka ulijue halikukufikia.

Lala salama, Mama. Jina lilifika.

Mke wa mwanao,
Mama Kemunto