Uwele Juu ya Paa la Tembe

Mama yangu, shikamoo. Hutaitikia, najua, ila nikianza bila kukuamkia nitakusikia ukisema, "Huyu kalala zizini."

Zizi lenyewe ni tupu. Tulikuzika kando yake uwe karibu na ng'ombe wako, na mwezi haukwisha askari wa Mdachi wakawaswaga wote kwenda kuliwa huko vitani. Kisha wakachukua mtama. Sasa wanachukua wanaume wakabebe mizigo. Shemeji aliondoka kiangazi, na mpaka leo hatujapata hata salamu. Naogopa, Mama. Mbwa akibweka, mimi mtu mzima na kitambi changu (kilichokuwa kitambi) naruka kama sungura.

Kilichobaki ni mbegu zako za uwele, yale masuke uliyoyachagua mwenyewe ukayaning'iniza juu ya moshi wa jiko. Tukizikosa hizo, mvua itanyesha bure na hapa hatabaki mtu. Basi mwanao mwerevu nikayapukuchua, nikapanda juu ya nyumba, nikazitandaza mbegu ndani ya udongo wa paa, vizuri kabisa, pasionekane nundu. Nani atachimba paa la tembe? Mkweo, mama Nyemo, akanitazama. "Baba Nyemo, hilo ni paa au shamba?" Nikamjibu kwamba mambo ya vita hayajui.

Mvua ikaja mapema. Baada ya siku tano hivi, nyumba ikaota.

Nilikuwa nimesimama uani, mdomo wazi, nikiutazama ule ukijani, askari wawili wakatokea njia ya Gulwe. Waliingia ndani, wakapekua vilindo vya nafaka, wakachoma sakafu kwa singe. Mkweo alimkumbatia Nyemo. Mmoja akatoka nje, akainua macho juu. Akatazama. Nikajua ndiyo basi.

Akacheka. "Mzee, mvivu wewe! Hata nyasi za paa zimekushinda?"

"Ndiyo, bwana," nikasema. "Hata mama yangu amekufa akinisema."

Sikumdanganya, au vipi? Lakini wakasema watarudi Jumatatu kuchukua wanaume, wavivu na wasio wavivu.

Walipotoweka tukapanda juu, tukang'oa mche mmoja mmoja na udongo wake, tukaihamishia shambani huku tunanyeshewa. Mkweo alifunika kila mzizi kwa vidole vyake, taratibu, na hilo liliniuma kuliko kama angenicheka. Mingi imekufa. Iliyosimama inatosha mistari michache tu, kule karibu na korongo. Kila asubuhi nakwenda kuitazama kama mgonjwa.

Leo Jumapili. Mkweo anataka nikajifiche mlimani, na nitakwenda, ingawa unajua ninavyohema nikipanda hata kichuguu. Wakinipata, hii ndiyo barua yangu ya mwisho kwako.

Nikiwepo au nisiwepo, tumekubaliana mimi na mkweo: masuke makubwa ya kwanza hayaliwi, ni mbegu. Nyemo ameanza kuuliza chakula hata akiwa usingizini. Atayaona masuke hayo, atanyoosha mkono, na mmoja wetu itabidi aushike mkono ule. Hilo linanitisha kuliko askari.

Lakini tutaushika, Mama. Nakuahidi. Pumzika.

Mwanao.