Mlokole wa Ghalani

Nkuhungu, Dodoma
18 Septemba, 1997

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umemaliza kupura mtama na goti limekupa nafasi ya kupumzika. Huku kwangu ni uzima mtupu. Mjukuu wako Tabu amepona surua na sasa anakula kunizidi mimi. Upepo wa mwezi huu umetujaza vumbi hadi kwenye masufuria, lakini hilo si la kulalamikia.

Ujumbe wako alioleta Pantaleo Jumamosi nimeupata. Kumbe mwezi uliopita, alipoleta alizeti kiwandani, alinikuta nimeshika kipaza sauti nawaombea wafanyakazi, akarudi Kibakwe kutangaza kwamba Scolastika ameokoka. Na wewe, mwenyekiti wa jumuiya kanisani, ukakaa siku mbili hutoki nje kwa kuogopa kuulizwa. Unataka kujua kama ni kweli nimeliacha kanisa nililobatiziwa. Nitakujibu, mama, ila nivumilie nianzie mbali kidogo, maana jambo lenyewe ni la kazini.

Unakumbuka niliingia kiwanda hiki nikifagia, na darasa la saba langu. Kadi za ghala nilijifunza kwa kumtazama Mzee Yoramu, hakuna aliyenipeleka kozi. Tangu nikabidhiwe upande wa magunia ni miaka sita, na hesabu ya mwisho wa mwezi haijapishana hata gunia moja. Mara sabini na mbili, mama. Sasa Mzee Yoramu anastaafu mwisho wa mwezi huu, na kila mtu alijua kiti cha mkuu wa ghala ni changu au cha Erick wa mauzo. Erick ana mwaka wa pili kazini. Ni kijana mcheshi, simchukii, lakini gunia la mbegu na gunia la mashudu mpaka leo anayatofautisha kwa kuuliza.

Taabu yangu ni Ijumaa. Serikali ilipouza kiwanda, meneja mpya, Bwana Wambura, alikuja na utaratibu wake: kila Ijumaa saa kumi wote tunakwenda bustanini kwenye bia na nyama choma, ati tuwe familia moja. Erick ndiye mshereheshaji. Anaita idara moja moja, mnatoka kwa mstari mkicheza mpaka meza ya mkubwa, mnagonga glasi, mnarudi mkicheza. Wewe unanijua. Mtu mmoja akija dirishani kwangu nitaongea naye mpaka acheke. Watu arobaini wakinitazama kwa pamoja, natafuta njia ya kutokea. Nikawa nakwenda kwangu. Wakaniita Bibi Kufuli. Ritha wa jikoni alisema huenda nina mume wa siri anayenihesabia dakika. Hayo niliyacheka. Ila Bwana Wambura alimpa Violeth, katibu wake, daftari la mahudhurio ya Ijumaa, na mwishoni mwa Mei akaniita akanifungulia: kati ya Ijumaa thelathini na tano nimefika nne. Akasema mkuu wa ghala lazima awe mtu wa watu. Nilimkumbusha ile sabini na mbili yangu. Akasema hilo ni la ghala, yeye anazungumzia ushirikiano.

Iliniuma, sikufichi. Ijumaa iliyofuata Violeth alipokuja kunivuta mkono nilikuwa nimechoka, nikamwambia aniache, nimeokoka, sikai tena penye bia. Ndiyo, mama. Nilisema hivyo hivyo, nikiwa nimeshika kadi za ghala. Nilijua mlokole huku hasumbuliwi. Kabla sijafunga mlango kiwanda kizima kilishajua, na Ritha alikuja kuniomba msamaha wa lile la mume.

Nilipumzika Ijumaa mbili tu. Ya tatu Bwana Wambura alinifuata mwenyewe kwa furaha kubwa. Alisema Abuu dereva amekuwa akifungua kwa dua peke yake, Wakristo wananung'unika, na sasa Mungu amewapa mtu wao. Nani angekataa kuomba baada ya kusema ameokoka? Nikapewa soda na kipaza sauti, nikawekwa mbele ya watu wale wale niliokuwa nawakimbia. Nimeomba Ijumaa kumi na mbili. Abuu, ambaye hakosi la kusema, aliniambia sala zangu ni fupi kama risiti, na ndiyo maana watu wanazipenda.

Wiki iliyopita nikapewa barua ya uteuzi. Nimeisoma mara nyingi. Imeandikwa kwamba nimebadilika, ni mcha Mungu na kiongozi wa wenzangu. Kuhusu magunia hakuna hata neno moja.

Basi jibu lako ni hili: sijaokoka, mama, wala sijahama. Nilidanganya ili niachwe nikae kimya, na nilimtaja Mungu katika uongo huo. Padre nimeshamwambia. Pantaleo alipotaja hizo siku zako mbili za kujifungia, sikuweza tena kukaa na ile barua ya uteuzi. Jumatatu niliingia kwa Bwana Wambura, sisi wawili tu, nikaiweka mezani. Nikamwambia sijaokoka, Ijumaa siji tena, na kama ananitaka, anichague kwa kadi za ghala. Kama sivyo, kiti ampe Erick. Akauliza sasa nani atafungua kwa sala. Nikasema sijui. Barua aliirudisha kwenye droo yake. Ametuambia mimi na Erick kila mtu ahesabu ghala peke yake tarehe thelathini, ndipo ataamua. Habari imeshavuja, wenzangu wameanza kuniita Mlokole wa Ghalani, na hilo nimelistahili. Hesabu siiogopi.

Jumapili ya tarehe tano Oktoba nitakuja, tukae benchi moja kanisani, majirani wajionee. Nikiwa mkuu wa ghala au nikiwa wa magunia vile vile, nitakuja. Nisalimie kaka Silvano na shemeji Emilia, na wewe litunze goti lako. Ila nakuomba sana, mama, usiwaite jumuiya kunipokea.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Scolastika