Mwanya wa Mama Mkwe

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Nisaidie kabla nyumba yangu haijavurugika kwa sababu ya picha moja.

Mimi na mume wangu Tarsis tuna duka la kuchapa mabango hapa Kariakoo, yeye ndiye fundi wa kompyuta na mimi napokea wateja, na siku ile wateja walijaa mpaka mlangoni, kompyuta ikagoma kwa kukosa nafasi, Tarsis katoka kwenda Ilala kufuata wino, basi nikaona nijiongeze, nikachukua picha zetu za nyumbani zote nikazishusha saizi na ubora, kutoka nukta mia tatu kwa inchi hadi sabini na mbili kama tunavyofanya tukimtumia mteja sampuli, nikasevu juu ya zilezile, nafasi ikapatikana, na kwenye kioo zilionekana vilevile, hata nikajipongeza.

Kumbe humo ilikuwamo picha ya marehemu mama mkwe, ambayo shemeji yangu Anselmi aliipiga kwa simu Krismasi ya mwisho ya mama kule Rombo akatuwekea kwenye kompyuta kwa waya, na ndiyo pekee tuliyo nayo akiwa anacheka. Desemba hii tunapanda Rombo kwa misa ya kumbukumbu na Tarsis ameahidi ukoo mzima bango kubwa. Juzi kachapa la kujaribu, uso wa mama umetoka vibokisi vibokisi, hujui pua wala jicho. Hakunifokea, mshauri, na heri angenifokea. Alisema tu, "Mama Vicky, si nilikwambia picha ya asili haiguswi?" akalikunja lile bango taratibu, na tangu hapo tunaongea habari za wateja tu.

Sasa nimepata programu ya simu inayosafisha picha, mama ametoka ananawiri, ila makunyanzi hayapo na ule mwanya wake wa mbele, alio nao hata Tarsis, umezibwa. Nafikiria niseme asili nimeikuta kwenye flashi ya zamani, yaishe. Kumuuliza Anselmi naona aibu, ukoo wote utajua. Nifanyeje?

Candida, Kariakoo

JIBU

Marahaba Candida, na pole sana. Ila huruma nitakupa baadaye, ngoja kwanza nikugombeze.

Futa hiyo picha ya programu leo hii. Unataka kupeleka Rombo mama mwingine, wanawe wasimame mbele yake kwenye misa wakijiuliza huyu ni nani? Wa kwanza kuuliza mwanya umekwenda wapi atakuwa Tarsis mwenyewe. Kilichopotea ulipoisevu picha juu ya ileile hakirudi, programu inabuni tu, na wewe mwenye duka la mabango unalijua hilo. Kosa la kwanza lilikuwa la haraka ya kazi, linasameheka. Hili la pili unalipanga ukiwa umekaa.

Halafu, mama, hivi barua yako uliisoma kabla ya kuituma? Picha alipiga Anselmi, kwa simu yake! Sasa unalia nini na mwenye picha yupo? Aibu ya ukoo itaisha kabla nyama za Krismasi hazijaisha.

Anza na Tarsis, asije akasikia kwa ndugu yake kwamba unaitafuta picha. Mwambie umekosa, kisha mpigieni Anselmi pamoja. Asiitume WhatsApp kama picha ya kawaida, itabanwa tena. Aitume kama faili, au aje nayo kwa waya kama mwanzo. Ikishafika, weka asili kwenye flashi mbili, moja dukani na moja nyumbani. Mkitaka kupunguza, punguzeni nakala mliyoipa jina jingine, asili ibaki.

Na kama simu ya Anselmi ilishaibwa, achaneni na bango kubwa. Chapeni ndogo, saizi ambayo uso bado ni wa mama, iwekeni kwenye fremu mezani pamoja na maua, watu wasogee wamwone. Hakuna atakayelalamika kwa kumsogelea mama yake.

Mumeo amelikunja lile bango, hakulitupa. Huyo bado yupo nawe, anasubiri useme. Umeniambia na yeye ana mwanya kama wa mama yake, na naona tangu juzi hujauona akicheka. Nenda kamwambie.