Maganda ya Karanga kwenye Hudson

Jumatano, 11 Mei 1955

Nyundo uani tangu asubuhi. Shemeji yangu Harlan ananyoosha paa la Hudson, gari la mashindano. Nimeunguza mkate wa mahindi kwa kelele zake.

Odell wangu alifia ndani ya gari hilo msimu uliopita, lilipopinduka kwenye kona. Gari limepona, mume nimemzika. Nalichukia! Na bado nikipita naigusa boneti yake.

Jumapili Harlan atashindana nalo. Anasema Detroit hawaundi tena Hudson aina ya Hornet kama hili, lililolala chini hivi, basi watu walione mara ya mwisho likiwaacha wenzake konani. Nikamkumbusha kwamba mama yao amebakiwa na yeye tu. Akasema, "Shemeji, usiniletee uchuro."

Jumamosi, 14 Mei

Nimefanya jambo la kitoto.

Hawa madereva wa Carolina hawaogopi ukuta wala moto. Wanaogopa karanga, eti maganda yake yana mkosi. Ganda moja tu karibu na gari na mtu mzima anarudi nyumbani. Odell alikuwa hivyohivyo, nami nikimcheka.

Leo Harlan alipokwenda kununua petroli, nilimwaga maganda kwenye kiti cha dereva. Konzi nzima. Mimi siamini mambo hayo. Yeye anaamini — yatosha.

Jumapili, 15 Mei

Uwanjani, ndani ya lori letu. Vumbi jekundu hadi kwenye meno.

Aliyaona! Uso ukamkauka. Nikajua anashuka, tunarudi nyumbani, namkaangia kuku. Kumbe akayafagia kwa kofia, taratibu, akakaa.

"Odell hakukuta hata ganda moja, na alikufa," akasema. "Labda kwangu itakuwa kinyume."

Hakuuliza nani kayaweka. Mungu wangu, na sasa naanza kuamini mimi! Mkosi nimeupanda kwa mkono wangu.

Wenzake wamejipanga, injini zinanguruma. Mlango wa Hudson unafungwa kwa mkanda wa suruali wa Odell, na siku zote nimeufunga mimi. Bila mkanda msimamizi hamruhusu mtu kuingia mbioni.

Nilisema nakwenda kuuchukua kwenye lori.

Harlan anapiga honi. Mama mkwe amekuja dirishani, kitambaa mkononi, anauliza mbona nachelewa, mwanawe ananisubiri. Nimemjibu bado nautafuta.

Nimeukalia.