Maelezo Kuhusu Chuma Kilichokutwa kwa Filister Akumu

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Uriri. Jumatatu, tarehe 14 Oktoba 1996, saa nne asubuhi.
Jina: Wesley Maroa Nyamohanga. Umri: miaka 33. Kazi: fundi wa maabara ya udongo. Makazi: kambi ya ujenzi wa barabara, Uriri. Nyumbani: Kegonga.

Mimi ndiye mwenye jina hilo hapo juu. Nimeajiriwa na kampuni inayojenga barabara hapa Uriri tangu mwaka jana. Kazi yangu ni kupima kama maramu, ule udongo wa changarawe wa barabara, imeshindiliwa vizuri kabla ya lami kumwagwa. Natumia mashine moja, kisanduku cha manjano chenye fimbo ya chuma. Natoboa shimo barabarani, nateremsha fimbo ndani, nasoma namba. Kwenye ncha ya fimbo hiyo kuna dawa ya mionzi, ndogo kama punje ya mtama, imefungwa ndani ya chuma. Mionzi haionekani na haina harufu. Ukikaa nayo karibu inaunguza mwili, na husikii kitu wakati inaunguza.

Mimi nilifundishwa hayo Nairobi kwa siku tano. Wafanyakazi wengine hawakuambiwa. Wakiniuliza niliwajibu kwamba ni mashine ya kupima udongo. Msimamizi wetu, Bwana Elkanah Kerosi, alikuwa ameniagiza hivyo. Alisema, "Ukiwatisha hawa watu, kesho nitakuwa na barabara bila wafanyakazi."

Mnamo Ijumaa tarehe 6 Septemba 1996, mnamo saa tisa na nusu alasiri, nilikuwa napima kwenye kilomita ya kumi na mbili. Fimbo ilikuwa imeshuka shimoni. Bwana Elkanah aliniita kwenye pikapu, umbali wa kama mita mia moja, nizungumze na injinia kwa redio. Sheria ni kwamba mashine haiachwi peke yake hata dakika moja. Nilipaswa kurudisha fimbo, nifunge kufuli, niende nayo. Sikufanya hivyo. Niliona ni jambo la dakika mbili.

Nikiwa kwenye redio nilisikia mwanamke akipiga mayowe. Alikuwa ni Filister Akumu, mshika bendera anayeongoza magari. Alikuwa ameinua bendera nyekundu na anakimbia kuelekea rola ya kushindilia, ambayo ilikuwa inarudi nyuma. Dereva wa rola ni Zablon. Hakumsikia kwa sababu ya kelele ya injini. Rola ilipita juu ya mashine yangu.

Nilikimbia. Zablon alishuka, akasema, "Fundi, haki ya Mungu sikuiona." Nilimwambia aondoke hapo, na watu wote waondoke. Kisanduku kilikuwa kimepondeka kama mkebe. Fimbo ilikuwa imekatika na ncha haikuwepo.

Nilirudi kwa Bwana Elkanah nikamweleza kwamba ncha ndiyo yenye hatari, na barabara lazima ifungwe tuitafute. Tulibishana pale kwenye pikapu karibu nusu saa. Kampuni ina kifaa cha kutafutia mionzi lakini kilikuwa hakina betri tangu Julai. Tulipomaliza kubishana lori la wafanyakazi lilikuwa limeshaondoka kuwapeleka makwao. Nilitafuta peke yangu kwa macho mpaka giza likaingia. Sikupata.

Jumamosi tarehe 7, saa moja asubuhi, nilikuta greda inasambaza maramu mpya mahali pale. Bwana Elkanah aliniambia, "Hiyo kitu yako iko chini, na sasa itakaa chini. Hakuna kitu kimefanyika hapa." Nilijiambia kwamba kweli iko chini ya barabara na haitamdhuru mtu. Sikuandika ripoti. Sikumpigia mtu simu Nairobi, ingawa namba nilikuwa nayo.

Jumatatu tarehe 9 Septemba, saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, Filister alikuja mlangoni pa maabara. Alifungua leso akaninyooshea kipande cha chuma. Kilikuwa ndicho. Alisema, "Fundi, kitu yako hii. Nilikuwekea."

Nilipiga kelele akitupe chini na arudi nyuma. Nilimfokea kama mtu anayefukuza mwizi. Alikitupa, akabaki ananitazama. Nilikichota kwa koleo lenye mpini mrefu, nikakitia kwenye pipa, nikakifunika kwa mchanga na vyuma. Halafu ndipo nilipomuuliza alikuwa nacho tangu lini.

Alinieleza hivi. Siku ya Ijumaa, nilipokuwa nazozana na Bwana Elkanah, alikiona kimerukia ukingo wa barabara. Alikitambua kwa sababu huniona nikikipangusa kila siku. Aliona msimamizi ananigombeza, akafikiri kisipopatikana nitafukuzwa. Alitaka kunipa lakini lori lilikuwa linapiga honi. Jumamosi hakuja kazini kwa sababu yeye ni Msabato. Nilimuuliza nyumbani alikiweka wapi. Alijibu, "Ningekiweka chini watoto wangechezea. Nilitembea nacho mfukoni. Hata kanisani nilienda nacho." Nilimuuliza mfuko wa upande gani. Alinionyesha paja la kulia.

Nilijua maana yake. Nilimwambia aende hospitali mara moja. Aliniambia haumwi, isipokuwa ngozi inawasha kidogo kama ameumwa na mdudu. Nilimwendea Bwana Elkanah tupate gari. Alisema, "Mtu mzima anatembea, wewe unamtafutia ugonjwa?" Filister alichukua bendera zake akaenda barabarani. Nilimwona akifanya kazi siku ile mpaka jioni.

Alifanya kazi wiki mbili zaidi. Tarehe 24 Septemba paja lilitoa malengelenge. Zahanati walimuuliza kama amemwagikiwa na maji moto, akasema hapana, wakampa dawa ya kupaka. Siku ya Alhamisi tarehe 3 Oktoba mama mkwe wake, Mama Rispa, alimpeleka hospitali Homa Bay akiwa hawezi kukanyaga. Daktari wa huko ndiye aliyemuuliza alikuwa amebeba nini. Alipotajiwa barabara na chuma, aliandika barua kwa kampuni.

Baada ya barua ile Bwana Elkanah alikuja hapa kituoni, tarehe 7 Oktoba, akaripoti kwamba Filister alivunja stoo ya maabara, akaiba sehemu ya mashine na kuiharibu. Mimi sikuambiwa. Nilikuja kujua jana Jumapili nilipokwenda Homa Bay kumwona. Nilimkuta amefungwa pingu kwenye kitanda na askari amekaa karibu. Kidonda ni kikubwa kuliko kiganja changu na katikati ni cheusi. Daktari amesema atapelekwa Nairobi akakatwe nyama hiyo, na hajui itabidi wakate mpaka wapi.

Mama Rispa alikuwa hapo. Hakuitikia salamu yangu. Filister aliitikia. Aliniuliza, "Fundi, kwani hawakukufuta kazi?" Nilimwambia bado. Akasema, "Afadhali." Sikuweza kukaa zaidi.

Leo asubuhi saa tatu Bwana Elkanah alinileta hapa kwa gari la kampuni. Njiani alinipa karatasi iliyopigwa taipu, ili nikariri niliyopaswa kusema: kwamba stoo ilivunjwa usiku wa tarehe 6, na kwamba nilimkuta Filister na kifaa hicho akijaribu kukificha. Karatasi hiyo nimemkabidhi afande. Yaliyoandikwa humo si kweli. Stoo haikuvunjwa. Filister Akumu hakuiba kitu. Alileta mwenyewe kwa mikono yake kitu ambacho mimi niliacha kikaharibika, na ambacho sikumwambia kuwa kinaua.

Afande ameniuliza kwa nini sikusema mapema. Niliogopa kupoteza kazi. Nina watoto wanne Kegonga. Filister ana watatu.

Afande pia ameniuliza kipande kile kiko wapi sasa. Bado kiko ndani ya pipa, nyuma ya maabara. Nimelizungushia kamba na mawe, na nimewaambia wapishi wa kambi wasipite hapo. Naomba watu wa mionzi waitwe kutoka Nairobi leo, na watoto wa Filister wapimwe, kwa maana walilala naye kitanda kimoja siku hizo tatu.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya. Nimesomewa kwa Kiswahili, nimeelewa, nami nayasimamia.

Sahihi: W. Maroa

Maandishi ya afisa: Maelezo haya nimeyaandika mimi, Sajini Javan Mulupi, kuanzia saa nne hadi saa sita kasorobo. Shahidi alipoanza kutaja makosa yake mwenyewe nilimsimamisha nikamwonya kwamba maneno yake yanaweza kutumiwa dhidi yake mahakamani. Aliomba maji ya kunywa, kisha akasema niendelee kuandika. Karatasi iliyopigwa taipu nimeiambatisha. Bwana Elkanah Kerosi, aliyekuwa akimngoja nje, nimemwambia asiondoke. Nimepiga simu kwa polisi wa Homa Bay kuomba mshukiwa afunguliwe pingu. Nimeambiwa amri hiyo lazima itoke kwa mkubwa wao, na mkubwa hayupo mpaka kesho.