Milango Kumi na Miwili

Jumatatu, 3 Februari

Rangi nyeupe, mkono wa pili. Bati la mita tatu kwa mbili, nimelilaza juu ya mapipa. Kazi ya wilaya: ubao wa hali ya shule zote za serikali, kumi na tisa, utakaosimama uani pa ofisi wageni wakija tarehe 27. Safu tano: shule, watoto, walimu, vyumba, watoto kwa chumba. Mwanzoni walitaka kuchapisha kwenye turubai. Ya mwaka jana ililiwa na jua kabla ya miezi minne, ndipo wakanikumbuka.

Afisa wa elimu alileta karatasi mwenyewe hapa karakanani, Gikondo. Namwita Bwana Jumla, maana hasomi kitu ila mstari wa mwisho. Akaniuliza kama tarakimu nitaziweza. Nilisoma Bujumbura mpaka darasa la tano, halafu basi. Nyumba yangu nimeijenga kwa rula na brashi. Nikamjibu nitaziweza.

Simpendi.

Alhamisi, 6 Februari

Mistari kumi nimemaliza. Wa kumi na moja ni shule ya binti yangu, Diane. Watoto 1,392. Vyumba 24. Watoto kwa chumba 58.

Nikaweka brashi chini. Namba za milango ile niliandika mimi, likizo ya Agosti, nyeusi juu ya bluu. Ziliishia 12. Siku moja na nusu. Milango 24 ingenichukua tatu.

Chini ya ubao wanataka niandike hivi: shule yenye watoto zaidi ya sitini kwa chumba itaongezewa vyumba mwaka huu. 1,392 gawa kwa 24 ni 58. Gawa kwa 12 ni 116. Tunanyimwa vyumba vya kweli kwa sababu tuna kumi na viwili vya hewa.

Nimefunga kopo.

Ijumaa, 7 Februari

Nimeenda shuleni. Direktrisi, mkuu wa shule, ni mpya, ameanza Septemba. Mambo ni haya: nusu ya watoto wanasoma asubuhi, nusu mchana, vyumba ni vilevile. Fomu ya wilaya ina mstari kwa kila darasa, na juu yake imeandikwa usiache kisanduku kitupu. Hakuacha. Darasa la asubuhi, chumba kimoja. Darasa la mchana, chumba kimoja. Mistari 24, vyumba 24. Mtu mwangalifu sana. Uangalifu wa namna hii unanitia homa.

Nikamwambia asahihishe.

"Papa Diane, ripoti imeshapanda. Nilipiga simu wilayani. Wakasema nisiwachanganye."

Machozi yalimlengalenga. Sikumhurumia. Diane yuko zamu ya mchana, darasa la tatu. Mama yake anatoka kwenda sokoni alfajiri. Kwa hiyo tangu Septemba mtoto anashinda asubuhi zote karakanani kwangu, anafanya hesabu sakafuni, anavuta harufu ya rangi na ya tina ya kuizimulia. Anakohoa wiki ya sita sasa. Muuguzi aliniuliza anaishi karibu na kiwanda?

Huyo ndiye niliye naye kwenye ile 58.

Jumatatu, 10 Februari

Bwana Jumla amekuja kuona kazi. Nikamweleza, na kugawa nikamgawia kwa chaki kwenye pipa. Akacheka.

"Fundi, wewe unapaka au unakagua?"

"Napaka. Milango ile niliipaka pia. Ni kumi na miwili."

Hesabu hii, anasema, imepita kwa watu wenye digrii. Sawa. Na hakuna hata mmoja wao aliyepita kwenye milango. Hilo nilimwambia.

Akauangalia ubao kutoka juu mpaka chini. Mimi mjinga nikadhani ananielewa.

"Basi milango ilingane na ubao. Chini ya moja uandike kumi na tatu. Chini ya mbili, kumi na nne. Chumba cha asubuhi na namba yake, cha mchana na namba yake. Mgeni akihesabu, iko sawa."

Nisipotaka, yuko kijana mwenye mashine ya kuchapa stika, atabandika kwa saa moja. Na vibao vya zahanati vinavyokuja baada ya hapo, navyo vitamfuata kijana.

Namjua mtu huyu wiki moja tu. Chuki niliyonayo ni ya miaka.

Jumatano, 12 Februari

Nimeandika. 13 mpaka 24, zote.

Mlango wa 7 sasa ni 7 na 19. Saa sita Diane akaja na mkoba wake na wenzake wawili. Akaangalia mlango, akaniangalia mimi juu ya ngazi.

"Papa, leo niko ngapi?"

"Ingia ndani."

"Jamani, tumehama bila kuhama!" Wakaingia wanacheka.

Namba zimetoka nzuri. Zimenyooka, unene mmoja, hakuna hata moja iliyochuruzika. Najichukia.

Jumamosi, 22 Februari

Umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa. Tulizibua mfereji chini ya shule, halafu mkutano, kama kila mwisho wa mwezi. Kiongozi wa mtaa akatangaza: Alhamisi wageni wanatembelea shule, watoto wawe safi.

Nikasimama. Mimi si msemaji. Nilisema haya tu: ubao wa wilaya unasema shule yetu ina vyumba 24. Madarasa yetu ni 24. Kama ni hivyo, zamu mbili za nini? Alhamisi watoto wote waende asubuhi.

Halafu mama mmoja muuza makaa akanyoosha jembe lake kwangu.

"Hizo namba si wewe uliyeziandika, fundi?"

"Ni mimi."

"Ehee! Ulipaka kwanza, sasa ndiyo unahesabu!"

Watu wakacheka mpaka masikio yakaniwaka moto. Ana haki. Walipotulia akasema, "Wajukuu wangu watatu watakuwepo saa mbili." Mwingine akasema wake wawili. Baadaye sikuweza kuhesabu mikono.

Direktrisi alikuwa nyuma, tope mpaka magotini. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana.

Alhamisi, 27 Februari

Walikuja wote. Kila mlango 58 wakaingia, 58 wakabaki nje, mstari mmoja mbele ya kila mlango. Mistari kumi na miwili. Hawakupiga kelele. Nilisimama langoni na wazazi wengine.

Katika wageni kulikuwa na mama mmoja mfupi mwenye daftari. Akamwinamia Diane.

"Darasa lako liko wapi?"

Diane akaonyesha 19. Yule mama akafungua mlango. Akaona watoto wamebanana wanne wanne kwenye dawati. Akaufunga taratibu. Akaanza kuhesabu milango kwa kidole, daftari amelibana kwapani.

Bwana Jumla akawahi: hawa wa nje wamekuja kuimba. Hakuna aliyeimba.

Ndipo Direktrisi akatoka mbele. "Vyumba ni kumi na viwili. Fomu nilijaza mimi, kosa ni langu." Hakutaja simu aliyopiga. Hakunitaja mimi na ngazi yangu. Nilimdharau wiki tatu nzima, na leo amesimama mahali ambapo mimi sikusimama.

Bwana Jumla akanitafuta kwa macho juu ya vichwa vya watu. Akanipata. Sikuangalia pembeni.

Ijumaa, 28 Februari

Simu asubuhi. Nirekebishe mstari wa kumi na moja, halafu nisirudi tena. Vibao vya zahanati amepewa kijana wa stika.

Nikaenda. 24 ikawa 12. 58 ikawa 116. Dakika arobaini, pamoja na kukauka. Mlinzi wa lango aliniambia nimejiharibia. Nikamwambia ashike ngazi vizuri.

Jumatatu, 17 Machi

Shule imeingia kwenye orodha. Vyumba vinne. 1,392 gawa kwa 16 ni 87. Zamu ya mchana inabaki, ila itapungua, na Direktrisi amesema darasa la Diane litakuwa la kwanza kuhamia asubuhi. Kamba za msingi zimefungwa upande wa mfereji. Nimezipima kwa hatua, nne kweli.

Nimefuta 13 mpaka 24 kwa tina. Kwenye mlango wa 7 kivuli cha 19 bado kipo, ukijua pa kuangalia.

Meza ya Diane nimeihamishia nje, chini ya paa, upepo unakotokea. Bado anakohoa, si kama mwezi uliopita.

Direktrisi aliniomba niandike namba za vyumba vipya mapema, kwenye vigingi, wageni wakirudi waone. Nilimkatalia. Namba 13 nimeshaikata kwenye karatasi ngumu, imetundikwa ukutani hapa. Inangoja mlango.