Thyra Darajani

Jumatatu, 13 Januari 1919
Leo tena nimekwenda kumwona mwanangu. Sinema ya Bwana Bruun, kiti kilekile. Kwenye picha Thyra wangu anajitupa kutoka darajani, mwenye mashua anamvuta, anakohoa, anafumbua macho. Kisha anasukuma nywele nyuma ya sikio la kushoto. Hilo hakufundishwa na mtu! Alifanya hivyo tangu mdogo, akila mkate jikoni kwetu. Nikishaliona, basi — narudi nyumbani, nalala.

Bi Hedvig wa ghorofa ya chini kanikuta ngazini. Eti nimekuwa kiti cha ukumbi, Bruun anikung'ute vumbi tu. Akacheka, halafu akaniletea supu ya njegere.

Jumatano, 15 Januari
Bi Olga, mpiga piano wa Bruun, amenivuta pembeni. Jumamosi mkanda wa mwisho unabadilishwa. Utawekwa ule uliotengenezewa Warusi, ambamo Thyra haokolewi.

Nilikuwa nimeusahau kabisa! Thyra alinisimulia mwenyewe, miguu karibu na jiko, soksi zikitoa mvuke. "Baba, Warusi wanapenda kulia. Jana nimekufa maji kwa ajili yao, leo nimeokolewa kwa ajili yenu." Tulicheka mno. Kisha vita, kisha mapinduzi huko kwao — mkanda haukwenda. Umekaa stoo.

Alhamisi, 16 Januari
Nimemwendea Bruun. Nimevua kofia. Nimemwomba amwache azinduke, hilo tu.

"Mzee Holger, mtaa mzima unajua Thyra ametutoka," akasema. "Akizinduka pale, watu wanaguna. Wengine wanacheka! Wewe mzazi, unataka wamcheke?"

Nikageuza kofia mikononi.

"Jumamosi kaa nyumbani, mzee wangu."

Alisema kwa upole kabisa. Hapo ndipo paliponiuma.

Ijumaa, 17 Januari
Mara ya mwisho leo. Alifumbua macho. Sikio la kushoto.

Sikula.

Jumamosi, 18 Januari
Naandika ukumbini. Taa zimewashwa, wanabadilisha mkanda. Watu wamejaa hadi ukutani. Nyuma yangu mwanamke anatafuna peremende, anamwambia mwenzake huyu ndiye yule aliyekufa kweli kabla ya Krismasi, ngoja uone sasa. Leso anayo tayari.

Niliazimia kuondoka kabla ya daraja. Koti nimeshavaa, vifungo vyote. Kisha nikakumbuka mlango wa wodi. Nesi alisimama katikati — mafua haya yanaambukiza, mzee, huingii, rudi kesho. Mimi nikatii. Nikarudi kesho, na soksi zake za sufu mfukoni. Kitanda kilikuwa kimetandikwa upya.

Mwanangu alikufa mikononi mwa wageni.

Bi Olga ameniona. Anatikisa kichwa, ananionyesha mlango kwa macho. Nenda, mzee, nenda.

Nimevua koti. Nimehamia safu ya mbele, kiti cha pembeni ambacho hakuna anayekitaka, shingo inauma kutazama juu. Ni karibu mno. Afadhali. Hapa hakuna nesi.

Taa zimezimwa. Naandika gizani, siuoni mstari. Piano imeanza, polepole kuliko siku zote. Yuko darajani. Upepo unamtupia nywele usoni. Mwanamke wa nyuma ameacha kutafuna. Nipo, Thyra, baba yako nipo — anainua mkono wa kushoto —